Sentimita za Mwisho za Mfupa Mrefu

Mwanafunzi wa anatomia akikabidhiwa fupaja, yaani mfupa wa paja, kwa mara ya kwanza hulishika katikati, kisha huanza kulieleza kuanzia pale alipolishika. Hutaja shina lake, unene wake, uwazi uliomo ndani yake na uboho unaoujaza, na akifika kwenye ncha husema kwamba hapo mfupa unatanuka ili uungane na mfupa mwingine, basi. Kwa kuwa nafundisha matabibu, nimekuwa nikiwataka waanze upande wa pili. Shina la mfupa mrefu ni sehemu rahisi kueleweka na, kwa kiasi kikubwa, ni sehemu inayofanana popote utakapoikata. Ni katika sentimita chache za mwisho, juu na chini, ambamo mfupa hubeba mzigo, hurefuka, hupokea damu kwa njia za ajabu na huugua maradhi ambayo shina haliyajui. Humo ndani, kusogea sentimita moja kunatosha kubadili jina la ugonjwa na namna ya kuutibu.

Asiye na mifupa ya maabara anaweza kwenda buchani. Ncha ya mfupa wa paja la ng'ombe iliyopasuliwa kwa msumeno kwa ajili ya supu huonyesha karibu kila kitu ninachotaka kukieleza. Nje kabisa, mahali palipokuwa pakikutana na mfupa mwingine, kuna utando mweupe unaong'aa na kuteleza, nao ni gegedu la kiungo. Chini yake kuna ganda jembamba la mfupa mgumu, na chini ya ganda hilo kuna mfupa wenye vitundu vingi, mwekundu kwa sababu vitundu vyake vimejaa uboho unaotengeneza damu. Ukishuka kuelekea shinani vitundu huzidi kuwa vipana na vichache, kuta za pembeni huzidi kuwa nene, hadi unafika kwenye bomba tupu lenye uboho wa manjano wenye mafuta. Mnyama akiwa mchanga, kama mwanambuzi, kuna jambo jingine ambalo kila mpishi amewahi kuliona hata kama hakulitilia maanani: mfupa ukichemshwa kwa muda mrefu, kichwa chake hujitoa chenyewe na kubaki kimeelea sufuriani, na pale kilipong'okea pana uso wenye mabonde na vilima vidogo vidogo. Kichwa hicho hakikuvunjika. Kilikuwa bado hakijaungana na shina.

Wanaanatomia huiita ncha yenyewe epifisi. Sehemu inayotanuka kati ya ncha na shina huitwa metafisi, na kati ya hizo mbili, kwa mtoto, kuna bamba la ukuaji, ambalo ni tabaka jembamba la gegedu. Majina haya yanafaa kushikwa mapema, kwa kuwa sehemu hizi tatu zimepakana kwa karibu mno lakini kila moja ina tabia yake.

Nianze na kutanuka kwenyewe. Shina la fupaja la mtu mzima, likipimwa katikati, huwa na upana wa takriban sentimita 2.7, ilhali ncha yake ya chini, pale gotini, hufikia karibu sentimita 8. Mtu anapotembea, goti na nyonga hubeba nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake, na zaidi ya hapo akikimbia au akishuka ngazi. Shina, ambalo ni mfupa mzito na mgumu, linaistahimili nguvu hiyo katika eneo dogo. Gegedu haliwezi. Kwa hiyo mfupa hujitanua kabla ya kufika kiungoni ili mzigo uleule ugawanywe katika eneo kubwa zaidi, na kila milimita ya mraba ya gegedu ipate sehemu inayoimudu. Kama upana huo ungejazwa mfupa mgumu kama wa shina, miguu yetu ingekuwa mizito kupita kiasi, na mishtuko ya kila hatua ingefika kiungoni bila kupunguzwa. Vitundu vinapunguza uzito, na mfupa wenye vitundu hunepa kidogo pale unapogandamizwa.

Tena vitundu hivyo havikupangwa ovyo. Mwaka 1866 huko Zurich, mwanaanatomia Hermann von Meyer alionyesha michoro ya ncha ya juu ya fupaja iliyopasuliwa, ambamo vijiti vyembamba vya mfupa vilionekana kupinda katika mikondo inayokatizana. Mhandisi Karl Culmann alipoiona aliitambua mikondo hiyo, kwa kuwa ilifanana na mistari ya mkazo aliyokuwa akiwafundisha wanafunzi wake kuichora katika kreni yenye shingo iliyopinda. Kundi moja la vijiti hupita mahali penye mgandamizo, kutoka kichwa cha fupaja kushuka upande wa ndani wa shingo, na kundi jingine hupita penye mvuto, likipanda kwa upinde upande wa nje. Mwaka 1892 Julius Wolff alichapisha hoja kwamba mfupa hujipanga upya kufuatana na mzigo unaoubeba. Wahandisi wa baadaye wamekosoa hesabu za ulinganisho ule, na wana haki, maana mfupa si chuma na mzigo wake hubadilika kila hatua. Hata hivyo kiini cha hoja kimesimama. Mgonjwa aliyelazwa kwa miezi bila kusimama hupoteza vijiti hivyo, na huanza kuvipoteza nchani kabla ya shinani, kwa sababu mfupa wenye vitundu una uso mkubwa ambao seli za kubomoa na za kujenga zinaufikia kwa urahisi.

Gegedu la kiungo lina unene wa milimita 2 hadi 4 katika viungo vingi vikubwa, na nyuma ya pia ya goti huweza kuzidi 5. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu, na seli zake hulishwa na ute wa kiungo unaoingia na kutoka kadiri tunavyolikanyaga na kuliachia. Hali hiyo inaeleza mambo mawili ambayo wagonjwa hulalamikia bila kujua kwamba yana asili moja. La kwanza ni kwamba gegedu likiliwa halioti upya kama ngozi, kwani ukarabati wa mwili hutegemea damu na damu haifiki humo. La pili ni kwamba gegedu lenyewe haliumi. Mtu anapoanza kusikia maumivu ya goti lililochakaa, kinacholia ni mfupa ulio chini ya gegedu, pamoja na utando wa kiungo na vilivyo jirani, na kwa hiyo uharibifu huwa ulianza zamani.

Sasa bamba la ukuaji, ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba mfupa hukua kwa kuvutika mahali pote kwa pamoja. Mwaka 1727 kasisi wa Kiingereza Stephen Hales, ambaye anajulikana zaidi kwa utafiti wake wa mimea, alieleza jaribio lililokuwa rahisi mno: alitoboa vitundu viwili katika mfupa wa mguu wa kifaranga, nusu inchi kutoka kimoja hadi kingine, akamwacha akue. Miezi miwili baadaye mfupa ulikuwa umerefuka sana, lakini umbali kati ya vitundu ulikuwa uleule. Urefu wote ulikuwa umeongezwa nchani. Baadaye katika karne hiyohiyo John Hunter wa London alirudia wazo hilo kwa kuweka risasi ndogo katika muundi wa nguruwe, yaani mfupa mkubwa wa chini ya goti, akapata jibu lilelile. Napenda jaribio la Hales kuliko mengi yaliyofuata, kwa sababu halihitaji darubini na haliachi nafasi ya ubishi.

Darubini ilikuja kuonyesha jinsi kazi inavyofanyika. Upande unaoelekea epifisi kuna seli za gegedu zilizotulia. Zinazofuata hugawanyika na kujipanga safu kwa safu, kama sarafu zilizorundikwa. Zilizo chini yake huacha kugawanyika na kuvimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa awali, na kuvimba huko ndiko hasa kunakoisukuma epifisi mbali na shina. Kisha madini ya kalisi hujikusanya kuzizunguka, nyingi hufa, mishipa midogo ya damu hupenya kutokea metafisi ikileta seli za kujenga, na mfupa halisi hutandikwa juu ya masalia ya gegedu. Gegedu jipya huongezwa juu na la zamani hugeuzwa mfupa chini, hivyo bamba halinenepi, linasafiri tu. Mtoto akikosa vitamini D au kalisi ya kutosha, hatua ya madini hukwama, gegedu hujirundika bila kugeuzwa, vifundo vya mikono huvimba na miguu hupinda. Hayo ndiyo matege ya ugonjwa wa rickets, nayo huonekana hata katika nchi zenye jua la mwaka mzima, kama ilivyothibitika nchini Nigeria, ambako upungufu wa kalisi katika chakula ulibainika kuwa chanzo kikubwa.

Ncha mbili za mfupa mmoja hazichangii sawa. Ncha ya chini ya fupaja huleta takriban asilimia 70 ya urefu wake, na ya juu ya muundi huleta zaidi ya nusu kidogo. Kwa hiyo mguu hukua hasa kuzunguka goti, kwa wastani wa milimita 9 au 10 kwa mwaka juu yake na 6 hivi chini yake. Mkononi mambo yamegeuzwa, kwani mfupa wa mkono wa juu hupata karibu asilimia 80 ya urefu wake begani, na mifupa ya kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, hurefuka zaidi upande wa kiganja. Kiwiko huchangia kidogo tu. Mzazi anaweza kuona takwimu hizi kama mapambo ya vitabu hadi siku mtoto wake atakapoumia. Jeraha linalolifunga bamba la chini la fupaja akiwa na miaka 8 linaweza kumwachia mguu mmoja mfupi kwa sentimita kadhaa, ilhali jeraha kama hilo kiwikoni hupunguza urefu kidogo sana, ingawa linaweza kuupinda mkono.

Bamba hufungwa kwa homoni. Ilidhaniwa kwamba wasichana hufungwa mabamba na estrojeni, homoni ya kike, na wavulana na testosteroni, homoni ya kiume, mpaka mwaka 1994 iliporipotiwa habari ya mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni kwa sababu ya hitilafu ya kurithi. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida, lakini alikuwa na kimo cha sentimita 204, bado alikuwa akirefuka, na mifupa yake ilikuwa na umri wa kijana wa miaka 15. Tangu hapo inafahamika kwamba hata kwa wanaume estrojeni, inayotengenezwa mwilini kutokana na testosteroni, ndiyo inayoamuru mabamba yafungwe. Wasichana hubalehe mapema, na kwa hiyo mabamba yao ya gotini hufungwa mapema, kwa kawaida miaka miwili hivi kabla ya wavulana.

Hapa nataka kusema jambo linalonikera. Kila likizo ya shule watoto huanguka kutoka miembeni, kwenye baiskeli na uwanjani, na mkono ukivimba karibu na kifundo jamaa husema ameteguka, kisha huitwa mtu wa kuchua. Kwa mtu mzima neno hilo mara nyingi huwa sahihi, maana ligamenti, yaani kano zinazounganisha mfupa na mfupa, huachia kabla ya mfupa. Kwa mtoto hali ni kinyume. Ligamenti zake zina nguvu kuliko bamba la ukuaji, na tabaka la seli zilizovimba ndilo dhaifu kuliko yote, hivyo nguvu ambayo ingemtegua baba yake inamvunja yeye pale pale bambani. Kumchua ni kusugua sehemu iliyovunjika. Sina ugomvi na waunga mifupa, na wapo wanaoweza kunyoosha shina lililovunjika na kulifunga banzi likapona vizuri, kwa sababu shina la mtoto husamehe mengi. Bamba halisamehi. Mwaka 1963 Robert Salter na W. Robert Harris wa Toronto waligawanya majeraha haya katika aina tano kwa kufuata njia ya ufa: unaopita bambani peke yake, unaokata pembe ya metafisi, unaoingia kiungoni kupitia epifisi, unaovuka zote, na wa mwisho ambao bamba limepondwa. Huo wa mwisho unaweza usionekane kabisa katika eksirei ya siku ya kwanza, na hujulikana baada ya miezi, mguu au mkono unapoanza kupinda au kubaki nyuma. Ndiyo maana tabibu makini humfunga plasta mtoto mwenye maumivu bambani hata kama picha inaonekana safi, na humwita tena baadaye.

Ukivuka bamba na kuingia metafisi, milimita chache tu, hatari inakuwa nyingine. Vimishipa vya damu vinavyolifikia bamba kutokea shinani hujikunja kama vitanzi na kurudi, na katika mikunjo hiyo mwendo wa damu hupungua. Bakteria waliomo katika damu, mara nyingi Staphylococcus aureus, hutua hapo na kuzaana. Mtoto aliyekuwa akicheza jana huamka na homa, anakataa kukanyaga, na ukibonyeza juu kidogo au chini kidogo ya goti hupiga kelele, ingawa goti lenyewe linakunjika. Usaha ukibanwa ndani ya mfupa huua mfupa, kwa hiyo saa zinahesabika. Kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu, mambo huchanganyika zaidi. Chembe zilizopinda huziba mishipa hiyohiyo na kuleta maumivu yanayofanana na ya maambukizi, na bakteria wa jamii ya Salmonella huwa miongoni mwa washukiwa wakuu. Katika nchi zetu, ambamo selimundu si ugonjwa adimu, tabibu asiyeyajua haya atampa dawa ya maumivu mtoto anayehitaji antibiotiki na pengine kisu.

Mabamba haya yameingia hata katika soka. Mashabiki wanawajua vijeba, wachezaji waliovuka umri lakini wamo katika timu za vijana, na vyeti vya kuzaliwa havijawahi kuwa kizuizi kikubwa kwao. Kuanzia Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA imetumia MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ya kifundo cha mkono kutazama bamba la chini la mfupa wa kigasha ulio upande wa dole gumba. Likiwa limefungwa kabisa, mchezaji huyo huhesabiwa kuwa amezidi umri, kwa kuwa ni nadra sana kwa mvulana wa chini ya miaka 17 kuwa hivyo. Watangazaji hukieleza kipimo hiki kana kwamba kinasoma tarehe ya kuzaliwa. Hakifanyi hivyo. Ni kipimo cha upande mmoja, kwa maana kwamba bamba lililofungwa linamtoa mtu, lakini bamba lililo wazi halithibitishi kwamba ana miaka 16, kwani wapo wa miaka 19 ambao halijafungwa bado. Lishe duni na maradhi ya muda mrefu huchelewesha kufungwa, na jedwali maarufu la umri wa mifupa la Greulich na Pyle, lililotolewa mwaka 1950, lilitokana na watoto wa Cleveland, Marekani, waliolishwa vizuri. Anayelitumia kwa kijana wa kijijini kwetu anapaswa kukumbuka hilo kabla ya kutia sahihi.

Njia hiyohiyo ya kusoma imetumika kwa mtoto wa zamani zaidi. Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aligundua kipande cha kwanza cha kiunzi cha mtoto wa jamii ya kale ya binadamu iitwayo Homo erectus, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Epifisi zake zilikuwa hazijaungana, na hivyo ikajulikana mara moja kwamba hakuwa mtu mzima, ingawa kimo chake kilikuwa kikubwa. Meno yake yalielekeza kwenye umri wa miaka 8 hivi, ilhali mifupa ikipimwa kwa vigezo vya binadamu wa leo inafikia karibu 13, na tofauti hiyo imewafanya watafiti wengi waamini kwamba utoto wa viumbe wale ulikuwa mfupi kuliko wetu. Miaka kumi baadaye, huko Kanapoi, kusini magharibi mwa ziwa hilohilo, Kimeu aligundua pia muundi wenye umri wa takriban miaka milioni 4.1, ambao sehemu ya katikati imepotea na ncha zote mbili zimebaki. Hasara ilikuwa ndogo. Ncha ya juu ilikuwa pana na yenye nyuso mbili zilizobonyea kwa kiasi kinachokaribiana, ncha ya chini ilikutana na kifundo cha mguu kwa pembe ya mraba, na hayo yalitosha kuonyesha kwamba mwenyewe alitembea kwa miguu miwili. Kama kingebaki kile kipande cha katikati peke yake, ubishi ungekuwapo hadi leo.

Nimalizie na nyonga, ambako suala la sentimita ni kali kuliko kokote. Kichwa cha fupaja kimezungukwa na gegedu karibu pande zote, kwa hiyo mishipa ya damu haina mahali pengi pa kuingilia. Mingi ya mishipa inayokilisha hutoka chini, ikipanda huku imelala juu ya shingo ya mfupa ndani ya mfuko wa kiungo. Bibi wa miaka 75 akianguka bafuni na shingo ikavunjika ndani ya mfuko huo na vipande vikaachana, mishipa ile hukatika, na hata mfupa ukipangwa vizuri kichwa kinaweza kufa baadaye na kuporomoka. Kwa sababu hiyo mara nyingi daktari wa upasuaji hukiondoa na kuweka cha bandia. Ufa ukipita sentimita tatu au nne chini yake, kati ya nundu mbili za fupaja, damu hapo ni tele na mfupa huunga, kwa hiyo daktari hubakiza kichwa na kukaza mfupa kwa chuma, na shida yake kubwa inakuwa misuli yenye nguvu inayovuta vipande. Mgonjwa wa selimundu anaweza kupoteza kichwa hichohicho bila kuanguka, vimishipa vyake vikizibwa ndani kwa ndani. Maumivu yake ya kinena hutangulia eksirei kwa miezi, ilhali MRI huonyesha madhara mapema, wakati ambapo kichwa bado kina umbo lake na bado kuna cha kuokoa.